Spea ya Bwana Mshitu

Siku ile barabarani walikuwepo Nakiete muuza maandazi, Naetwe aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, mama mkwe wake, na Bwana Mshitu mwenye gari kubwa.

Bwana Mshitu alikataa kumpeleka Naetwe zahanati. "Ataniharibia viti," alisema, akaondoka. Hakufika mbali, tairi la nyuma likapasuka.

Nakiete akamfuata. "Pole, baba. Zuia gurudumu la mbele kwa jiwe, kisha legeza nati kabla hujapiga jeki."

Bwana Mshitu alihema mpaka akaifunga spea, tairi la akiba lililo jembamba kuliko mengine.

"Hiyo itarukaruka, baba. Inataka uzito juu yake, na mwendo wa polepole."

"Kwani mimi si mzito?"

"Tumbo lako litakaa mbele, baba. Spea iko nyuma. Labda umwombe yule mjamzito na mkwewe."

Bwana Mshitu akawaita, akawafungulia mlango mwenyewe, akawabembeleza wapande.

Mama mkwe alichungulia dirishani, akanong'ona, "Kweli spea inataka uzito?"

Nakiete akampa andazi la njiani. "Inataka mwendo wa polepole tu, mama. Anayetaka gari ni mkweo."

Naetwe alijifungua mtoto wa kike zahanati, kabla jua halijazama.