Kitambaa cha Machi Nane

Kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Maana yake, jamaa wa mmoja wa wagombanao hafai kuwa mwamuzi, hata awe na moyo mweupe kama unga wa muhogo. Na moyo wa Mama Rosalie, mwenyekiti wa wauza unga katika soko moja la Likasi, ulikuwa mweupe kweli.

Asubuhi moja bintiye, Carine, aliangua kilio: mfuko wake wa unga umetoweka ghalani! Akauona kwenye meza ya Orpha, mjane wa watoto wanne, umefungwa kwa kitambaa kilekile alichofungia yeye. Kwa sheria ya soko, mwizi hunyang'anywa meza siku hiyohiyo. Wanawake wakakusanyika, Mama Rosalie akaketi kuhukumu. Alimpenda Orpha, lakini Carine alikuwa mboni ya jicho lake, na hukumu ilikwisha kumfika ulimini.

"Mama Présidente," Orpha alisema, "minye sikatae kusambishwa, munihukumu tu. Lakini weye ni mama ya Carine. Ata Constitution inasema muntu asikiwe, na juge asikuwe wa upande."

Mama Rosalie alipandwa na mori. Kisha akakumbuka ni Orpha huyuhuyu aliyemuuguza malaria wiki nzima, akaona haya. Akainuka.

"Anasema kweli. Émérence, kuya ikala apa."

Émérence! Muuza unga mwenzao, ambaye yeye na Mama Rosalie hawakuwa wamesalimiana tangu Pasaka.

Émérence alimwacha Orpha aseme hadi mwisho. Mfuko ulikuwa wake mwenyewe, Orpha alieleza, na kitambaa kile kilitoka kwenye kitenge cha Machi nane, sikukuu ya wanawake. Soko zima lilishona hichohicho, na kila mtu anafungia mifuko mabaki yake. Wanawake wakatazama mifuko yao, wakaangua kicheko.

"Nani alifungula ghala asubui?" Émérence akauliza.

"Ni minye," Mama Rosalie akajibu. Asubuhi hiyo alikuwa ametuma mfuko mmoja kwa dada yake huko Mulungwishi. Akakimbilia ghalani. Mfuko wake mwenyewe, wenye kiraka alichokishona kwa mkono wake, ulikuwa bado konani. Kumbe alituma wa Carine!

Alimkumbatia Orpha, wakalia wote wawili.

"Unisamehe, mutoto yangu. Kama ningeikala mu ile kiti, nani angeniuliza ya ghala?"

Hakika, kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani, hata nyani akiwa mama mwema.