Chui Aliyekosa Mpokeaji

Ndiyo, ni mimi. Msinitazame hivyo. Ni mimi mliyenikuta jana saa kumi alasiri juu ya paa la banda la kuku la Bi Hidaya, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, napiga kelele, "Chui! Chui! Chui!" Mkaja na mapanga, mkaja na mipini ya majembe, na mmoja akaja na mwiko ukiwa bado na ugali. Na aliyetoka chini ya banda alikuwa nani? Paka wa Bi Hidaya, kichwa cha dagaa mdomoni.

Mimi, niliyelala Tunduma, nikavua samaki Kigoma, nikafukuzwa Lubumbashi! Mimi niliyewaambia kila siku kwamba chui namjua kwa harufu! Kisha paa likabomoka nikawaangukia kuku, na kuna yai moja mpaka sasa sijui lilipasukia wapi, ila suruali yangu inajua.

Haya, chekeni mmalize. Ni Mama Nyanjige tu, pale kwenye kona, hajacheka. Aliolewa hapa kutoka Usukuma, na mwezi uliopita mbuzi wake alipotea kule kwenye mkonge. Alisema ni chui, tukamcheka. Tuyaache hayo. Sogezeni kuni, niwalipe kelele za jana kwa ngano.

Paukwa!

— Pakawa!

Moto?

— Unawaka!

Masikio?

— Yako wazi!

Mlango?

— Umefungwa, Mjomba Kilua, tumesikia kuna chui!

Mna adabu mbaya. Sikilizeni.

Zamani, zamani ile ambayo mbuzi walikuwa bado wanajichagulia wachungaji, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwachuma. Watu wa Kwachuma walilima mtama, wakafyeka msitu. Wakalima tena, wakafyeka tena. Wakalima mpaka pakabaki mtama na jua. Chui wa mwisho aliuawa na mababu wa mababu zao. Ngozi yake ilitandikwa juu ya kigoda cha Zumbe Mhina, mkuu wa kijiji, akaikalia mpaka madoa yakafutika.

Na Kwachuma walikuwa na desturi yao. Habari ilikuwa haianguki tu kama embe. Mwenye habari alikwenda barazani akasema, "Ninayo habari." Zumbe akauliza, "Nani anaipokea?" Hapo mzaliwa wa Kwachuma asimame, aseme mara tatu, "Nimeipokea." Ndipo ngoma ipigwe, watu watoke. Habari isiyo na mpokeaji ilikuwa si habari. Ilikuwa pumzi.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke mfinyanzi, jina lake Nakijwa. Aliolewa hapo kutoka ng'ambo ya nyika. Mume wake ndiye aliyekuwa akimpokelea habari zake, na mume akafa. Akabaki na mtoto mmoja wa kike, Sikudhani, mwenye miaka minane na pengo mbele. Hakuwa na mwingine.

Siku moja asubuhi Nakijwa alikwenda bondeni kuchimba udongo. Alipoinua macho, akamwona. Chui! Mrefu, amekonda, anakunywa maji kwenye shimo lake la udongo kana kwamba kalichimba yeye.

Chui akasema, "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Kwetu kumelimwa, nimekuja kwenu. Kawaambie."

Nakijwa akatupa jembe, akakimbia mpaka barazani. "Ninayo habari! Nimemwona chui shimoni!"

Zumbe Mhina akauliza, "Nani anaipokea?"

Mmoja akajikuna. Mmoja akatema mate. Mmoja akatazama kucha zake kama zimeota jana.

Zumbe akapiga paja. "Mama, chui waliisha. Huyu wa mwisho nimemkalia. Ulichokiona ni mbwa wa Mhando."

Watu wakacheka. Mhando mwenyewe akacheka kuliko wote, akabweka kidogo, ili kunogesha.

Nakijwa akarudi kuchukua jembe lake. Chui yuko palepale.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesema wewe ni mbwa wa Mhando."

Chui akacheka mpaka magego yakaonekana. "Basi mimi sipo. Na asiyekuwepo hafungiwi mlango." Siku hiyohiyo akamla mbwa wa Mhando. Na watu wa Kwachuma wakasemaje? Wakasema mbwa kafuata jike kijiji cha pili.

Siku ya pili Nakijwa alimwona tena, amelala chini ya dungu. Mnalijua dungu? Ni kile kichanja kirefu shambani, mtoto anapanda juu yake na kombeo kuwaamia ndege wasile mtama. Kwachuma kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kutoa mtoto mmoja. Nyumba ikikosa zamu, haikuingia shambani siku ya mavuno. Na zamu ya Nakijwa ilikuwa imebaki siku moja.

Sasa Nakijwa alikuwa na akili ya mikono. Chui alipoondoka, alichukua udongo laini, akaushindilia juu ya alama ya mguu wake, taratibu, kama anayemlaza mtoto. Akauinua mguu mzima wa chui: kiganja na vidole vinne. Akauanika, akauchoma motoni pamoja na vyungu, akaubeba mpaka barazani ukiwa bado na joto.

"Ninayo habari! Na huu hapa mguu wake!"

Wazee wakauzungusha mkono kwa mkono. Wakaugonga kwa kidole, ukalia kama chungu kizuri. Hata jasho likaanza kuwatoka. Kisha Mhando akasema, "Ngojeni kwanza. Kwani kazi ya huyu mama ni nini?"

"Mfinyanzi," wakasema.

"Basi amefinyanga!"

Ah! Mngewaona walivyopumua! Wakacheka, wakapigana mabega. "Mama, kesho tufinyangie na tembo!"

"Sikuomba mnipende," Nakijwa akasema. "Kesho mtoto wangu anapanda dungu. Naomba mtu mmoja tu asimame na mkuki."

Zumbe akauliza, "Nani anaipokea?"

Mnajua jibu.

Njiani chui anamsubiri.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nimekufinyanga."

"Basi mimi sipo," chui akasema, na safari hii hakucheka sana. Alikuwa na njaa.

Siku ya tatu, siku ya zamu, Nakijwa hakumwacha mtoto. Sikudhani alipanda dungu na kombeo lake, mama akasimama chini ya ngazi na jembe. Jua likapanda. Mtoto akarusha jiwe, ndege wakaruka. Akarusha jiwe, ndege wakaruka. Akasema, "Mama, nikipata jino jipya nitapiga mluzi vizuri zaidi."

Saa hizohizo Mhando alikuwa anatoka mtoni, upande wa magharibi, anajifuta maji. Paka shume akachomoka majanini. Paka tu! Wa saizi ya chungu cha mboga! Mhando akatupa nguo, akatupa mtungi, akatupa na heshima, akafika barazani kama alivyozaliwa. Watu wakamtazama. Sasa mwanamume mzima aseme nini? Aseme kakimbia paka? (Huyo mtu namfahamu vizuri. Jana nilikutana naye juu ya paa.)

Akasema, "Ninayo habari! Chui! Mlima wa magharibi! Mkubwa kama ng'ombe!"

"Nani anaipokea?"

Kabla Zumbe hajafunga mdomo: "Nimeipokea! Nimeipokea! Nimeipokea!" Watu ishirini kwa pamoja. Ngoma ikalia. Mikuki ikatoka darini, mishale ikatoka, hata vipofu wakatoka.

Nakijwa akaisikia ngoma kule mashariki, chini ya dungu. "Mwanangu! Umesikia? Wameipokea! Wanakuja!" Akafunga kanga vizuri, ili wanaume wakija wamkute mtu.

Mtama ukatikisika. Akatoka chui.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Ngoma ile inamlilia nani?"

"Inakulilia wewe," Nakijwa akasema, na sauti yake ilikuwa na nguvu.

"Na watu wanaelekea wapi?"

Nakijwa akageuza macho. Vumbi la watu wa Kwachuma lilikuwa linapanda mlima wa magharibi. Linakwenda, linakwenda, linakuwa dogo.

"Wanaelekea magharibi," akasema.

"Basi si mimi."

Nakijwa akashika ngazi. "Nichukue mimi."

Chui akasema, "Wewe? Duniani kote ni wewe tu unayejua kwamba nipo. Nikikula wewe, nitakuwa nani?"

Bibi yangu, kila ngano hii ilipofika hapa, alikuwa akichochea moto hata kama ulikuwa unawaka vizuri. Nami naomba nichochee.

Nakijwa alimpiga chui kwa jembe, mpini ukavunjika. Alipiga yowe mara tatu. Yowe la kwanza liliwarusha ndege wote wa shamba lile. Yowe la pili mlima ulilirudisha. Yowe la tatu halikwenda popote. Alipoinuka kutoka pale alipoangushwa, kombeo lilikuwa chini, na juu ya dungu hapakuwa na mtu.

Jioni wanaume wakarudi wakiimba. Wanaume wanne wamebeba mti mabegani, na kwenye mti ananing'inia paka shume. Wakapita shambani, wakaona damu, wakaliona kombeo. Wimbo ukakatika.

Zumbe Mhina akavua kofia. Akatikisa kichwa. Akasema, "Kumbe Mhando alisema kweli."

Ndiyo, alisema hivyo. Na kwa kuwa Kwachuma mtu wa kwanza kumwona mnyama alipewa heshima, Zumbe akaitoa ile ngozi kwenye kigoda chake akampa Mhando. Mhando aliinamisha kichwa kwa aibu. Lakini mkono aliunyoosha.

Nakijwa hakupiga kelele, hakumlaani mtu. Alikaa siku tatu za matanga. Asubuhi ya nne akafunga mzigo wake, akapita barazani kabla watu hawajakaa, akaweka kile kiganja cha udongo juu ya kigoda kitupu, akashika njia.

Chui amelala katikati ya njia, tumbo limejaa.

"Umeniona?"

"Sikukuona."

Chui akanyanyuka. "Nipo hapa mbele yako!"

"Sikukuona."

"Hata kuwaambia, huendi kuwaambia?"

"Sikumwona mtu wa kuambiwa. Nipishe."

Chui akampisha. Akamtazama akishuka nyikani mpaka akapotea. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu afike: akaingia Kwachuma kwa njia kuu, jua la utosi, mkia juu, kama mgeni aliyealikwa.

Akafika barazani. Zumbe Mhina ameketi chini, maana kigoda alikikuta na kile kiganja, na hakutaka kukigusa. Chui akanusa kigoda. Akainua mguu wake wa kulia, akauweka juu ya udongo. Ukalingana. Kidole kwa kidole.

Zumbe akasema kwa sauti ndogo, "Ninayo habari."

Watu walikuwa milangoni, wote wanaona. Mhando alikuwa mlangoni, ngozi begani.

"Nani anaipokea?" Zumbe akajiuliza mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kuuliza.

Kila mmoja alijua kwamba akiipokea hiyo, amepokea na ile ya shimoni, na ile ya kiganja, na yale mayowe matatu. Na mzigo huo hapakuwa na kichwa cha kuubeba.

"Nani anaipokea?"

Mmoja akajikuna.

"Jamani, nani anaipokea?"

Zumbe Mhina akaliwa bila mpokeaji. Na waliobaki? Wakaliwa mmoja mmoja, wiki kwa wiki, kila mmoja akifungua mlango kwa tahadhari kubwa na kusema kwamba hakuona kitu. Leo Kwachuma ni pori. Mtama umeota ovyo, ndege wanakula bila kuamiwa. Na wapitao huko husema wameokota kiganja cha udongo kilichochomwa vizuri, hakina hata ufa.

Ngano yangu imefika mwisho wa njia yake. Aliyeiona tamu aondoke nayo, aliyeiona chungu aniachie mimi, kesho nitainywea chai. Na funzo lake ni hili, sitalificha: mtu akikuletea habari ya hatari, nenda ukatazame alichokiona, usiulize kwanza katoka wapi. Mkimaliza kutazama mnaweza kumcheka. Kama mlivyonicheka mimi, na suruali yangu ya mayai.

Mbona kimya? Bi Hidaya, hata wewe? Mama Nyanjige, niokoe. Wewe ndiye hujacheka tangu jana. Ngano imekufikia?

Mama Nyanjige akainuka, akakung'uta kanga yake, akachukua kijinga chake cha moto cha kwenda nacho nyumbani.

"Watu arobaini walikuja kukuokoa na paka, Mjomba Kilua," akasema. "Kwangu hata wewe hukuja."