Mlinzi wa Mnara na Gitaa la Besi

Kaeni vizuri, na ninyi mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo. Leo nina mfano, na ninasema mapema: haumhusu mtu mnayemjua. Msianze kugeuka na kuangaliana. Nimeutunga mwenyewe juzi nikipalilia viazi. Ukikuuma, umekuuma.

Kulikuwa na mlinzi mmoja wa mnara wa simu. Mnaijua ile minara ya chuma inayosimikwa juu ya vilima, yenye taa nyekundu kileleni. Chini yake kuna uzio, jenereta, na chumba kimoja cha matofali. Humo ndimo alimokuwa anakaa, peke yake. Kazi yake ilikuwa kuangalia uzio usikatwe na mafuta ya jenereta yasiibwe, kisha kuandika kwenye daftari: "Hali shwari." Miaka minne anaandika hali shwari.

Sasa fikirini. Mji wote uliokuwa chini ya kilima ulikuwa unazungumza kupitia mnara ule. Mama anamwita mwanawe aliye mbali, wachumba wananuniana, watu wanapeana pole za msiba na hongera za mtoto. Maneno yote hayo yanapita juu ya kichwa cha mtu mmoja, na simu ya mtu huyo haiiti. Siku ikiita, ni msimamizi wake.

"Hali?"

"Shwari."

Imekatwa. Basi, hayo ndiyo mazungumzo ya wiki.

Alikuwa na kaka yake, mpiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi. Kaka akafariki, akamwachia gitaa. Gitaa la besi mnalijua, lile la nyuzi nne nene, lenye sauti nzito ya chini. Likipigwa hakuna anayelisifia. Likikosekana, kila mtu anasema leo wimbo umepwaya. Mlinzi hakujua kulipiga hata uzi mmoja. Lakini chini ya mnara mtandao ni mzuri kuliko kwa mkuu wa wilaya, kwa hiyo akatafuta kwenye simu, akakutana na mzee mmoja wa ng'ambo, bingwa wa muziki wa jazi, anayefundisha besi kwa video.

Mzee yule alikuwa bingwa kweli, si wa kujisifu. Vidole vinene kama mihogo, lakini vikigusa nyuzi vinatembea kama paka juu ya ukuta. Masomo arobaini. Kiingereza chake mlinzi alikishika nusu, nusu nyingine akaielewa kwa macho. Na kila somo mzee alilianza kwa kutabasamu: "Karibu, rafiki yangu. Nimefurahi kukuona." Akimaliza anasema: "Umefanya vizuri. Tuonane kesho."

Je, mlinzi aliamini kwamba mzee anamwona? Hapana, hakuwa mjinga, alijua ni video. Lakini alikuwa anajibu. "Asante, mzee. Nami nimefurahi. Huko kwenu baridi?"

Mnacheka. Chekeni, halafu mnijibu. Wewe, mtu wa mwisho kukwambia amefurahi kukuona alikuwa nani? Na alikuwa anakutazama, au alikuwa anatazama simu?

Basi kila asubuhi, akishazunguka uzio, mlinzi anavaa hedifoni, anawasha video, anapiga pamoja na mzee. Somo moja mara mia. Akafika mahali anaiga kila kitu anachofanya mzee, na nikisema kila kitu namaanisha kila kitu. Kwenye somo la saba, katikati ya wimbo, miwani ya mzee inateleza. Mzee anaacha kupiga, mapigo mawili, anaisukuma kwa kidole, anaendelea. Mlinzi naye akawa anaacha, mapigo mawili, anasukuma miwani, anaendelea. Na miwani hana! Mkono wake ulishaizoea kama sehemu ya wimbo.

Tena kuna jambo moja alilokuwa analikwepa. Mwisho wa kila somo mzee huinua mkono kutoka kwenye nyuzi. Dramu na piano vinaendelea, besi inanyamaza, na mzee anamnyooshea kidole anayetazama: sasa wewe. Hapo mlinzi alikuwa anazima. Kila siku. Ukimya ule hakuuweza. Alikuwa nao wa kutosha nje. Anarudisha video mwanzo, anamsikia tena mzee: "Karibu, rafiki yangu."

Jumapili ambazo mlinzi mwenzake wa mnara mwingine alimshikia zamu, alikuwa anashuka kwenda kanisani. Benchi la mwisho, karibu na nguzo. Mlangoni anapewa mkono, "Bwana asifiwe," anajibu "Amina," na mkono ule umeshapokewa na mtu wa nyuma yake. Miaka mitatu hivyo. Siku moja likatolewa tangazo: mpiga besi wa kwaya amehamishwa kikazi, sikukuu ya mavuno imebaki wiki mbili, kuna mtu anaweza?

Mlinzi akasimama. Watu wakageuka. Wapo waliomwona siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Msije mkasema alitaka sifa. Nawaambia wazi alichotaka: alitaka kukaa mahali ambapo asipokuwepo, patapwaya.

Alhamisi alasiri akashuka kwenye mazoezi na gitaa lake mgongoni. Mwalimu wa kwaya alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mshona sare za shule, mtu wa kunyoosha mambo. Mpiga dramu alikuwa muuza bucha, mcheshi. Wakaanza. Ubeti wa kwanza, jamani, watu walibaki midomo wazi. Besi inatembea chini ya sauti zao kama maji chini ya daraja.

"Mama, leo tumepata mtu!" muuza bucha akapaza sauti.

Ubeti wa pili sasa. Kwenye sauti ya kwanza kulikuwa na mama mmoja aliyependa kulivuta neno la mwisho. Kila kwaya ina mama wa namna hiyo, na mwenyewe anajijua. Akalivuta. Kwaya ikamngoja, kama ilivyo kawaida yao. Dramu ikangoja. Kinanda kikangoja. Besi haikungoja. Mlinzi amefumba macho, anakwenda, peke yake, amevuka kiitikio, na katikati ya safari akaacha mapigo mawili na kusukuma miwani.

"Simama! Simama!" Mwalimu wa kwaya alipiga meza. "Kaka, hivi wewe unapiga na nani?"

"Na ninyi, mama."

"Na sisi? Sisi tuko ubeti wa pili, wewe umeshafika kwenye Amina!"

"Huyu yuko zake ng'ambo," akasema muuza bucha. "Na hiyo ya puani ni nini, kaka? Nzi?"

Kwaya ikacheka mpaka watu wakashikana mabega. Mlinzi akasema, "Samahanini. Mimi nimejifunzia kwenye video. Naomba turudie, polepole."

"Turudie na nani, na siku zimekwisha? Nenda kajifunze kwanza. Ukishajua, urudi."

Akapanda kilima. Kesho yake asubuhi akafanya ambalo hajawahi kulifanya: aliuacha ule ukimya wa mwisho wa somo uendelee. Dramu zinapiga, piano inapiga, nafasi ya besi iko wazi. Akaingia. Akakosea. Wale wakaendelea. Akaingia tena, akapotea, wale wakaendelea. Mpaka saa sita mchana alikuwa ameelewa: hawa hawatanisubiri kamwe. Si kwa ubaya. Hawajui kama nipo.

Alhamisi iliyofuata akashuka tena, akasimama mlangoni.

"Umeshajifunza?" akauliza mwalimu wa kwaya.

"Yaliyo kwenye video nimeyamaliza yote, mama. Lililobaki halimo. Ni kule kungojana kwenu. Hilo siwezi kujifunza nikiwa peke yangu."

Mmelisikia jibu hilo? Wapo waliosomea dini miaka saba, hawajafika hapo. Mama akatazama saa ya ukutani. "Kaka yangu, sikukuu ni Jumapili, na hapa si shule. Tukishavuka sikukuu, tutaona."

Muuza bucha alikuwa anatazama fimbo zake za dramu. Alikuwa na la kusema. Badala yake akaanza kupiga mapigo ya wimbo.

Sikukuu ikafika. Maboga, mahindi, kuku, kwaya na sare mpya. Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo, ingawa wimbo ulipwaya kidogo. Watu wakainua simu wakarekodi, wakawarushia ndugu zao walio mbali, na mmoja akaiweka video hiyo mtandaoni mahali ambapo kila mtu anaiona.

Jumatatu mlinzi akaiona. Akavaa hedifoni, akachukua gitaa.

Siku ya kwanza alikosea. Siku ya pili alikosea kidogo. Kufikia Ijumaa alijua yule mama wa sauti ya kwanza analivuta neno kwa urefu gani, na akawa anamngoja. Alijua muuza bucha anapenda kukimbia mahali gani, na akawa anakimbia naye. Akaupiga wimbo wote pamoja nao, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata pigo moja. Besi ikakaa mahali pake. Kwaya ile haijawahi kuimba vizuri namna ile. Na hakuna aliyesikia ila jenereta.

Baada ya sikukuu hakuna aliyemtafuta. Naye hakushuka tena. Kwa nini ashuke? Kwaya anayo, kwenye simu.



Wapo wanaosema moyoni: lakini huyo mtu alikosea, hakusikiliza wenzake. Ndiyo, alikosea! Nani amekataa? Lakini mtu aliyekaa miaka minne na watu wasiomsikia, kusikiliza atakujifunzia wapi? Kusikiliza hufundishwi kwa kuambiwa "sikiliza." Unajifunza kwa kusikilizwa. Mtoto anajua kusema kwa sababu kulikuwa na mama aliyenyamaza, akamtazama mdomo, akamngojea amalize "ba... ba... ba." Yule mlinzi alikuja kwetu yuko kwenye "ba," tukamwambia akirudi awe anahutubia.

Na yule mzee wa jazi msimguse. Yeye alifundisha alichonacho, na lile neno lake "karibu" alilisema kwa moyo mweupe. Asiposikia ana udhuru: ni video. Sisi udhuru wetu ni upi? Sisi tuna masikio mawili mawili, tumeyaweka wapi? Tunasema "karibu" mlangoni, na mtu akianza kujibu tumeshaelekea kwa mwingine. Tunasema "poleni" msibani, tunaondoka kabla mfiwa hajafungua mdomo. Mtu akikosea katikati yetu hatusimami. Tunaendelea na wimbo, tena tunaendelea vizuri, kwa sauti nne. Tumegeuka video, ndugu zangu. Kanisa zima, pamoja na sare zake. Mtu anaweza kututazama, anaweza kutujua mpaka pumzi zetu, lakini kuingia hawezi.

Na mimi nisijifiche nyuma ya meza hii. Kila Jumapili nasema hapa dakika arobaini. Ni lini mmeniona nikimngoja mtu?

Kwa hiyo leo sifungi kwa maombi marefu. Msipeane mikono, hiyo tumeizoea mno, inafanywa na mikono peke yake. Mgeukie mtu ambaye hujui jina lake, na ukisema hapa hayupo, utakuwa unanidanganya, kwa sababu mimi kutoka hapa ninawaona. Muulize jambo moja, lolote. Halafu unyamaze mpaka amalize. Akisita, mngoje. Akirudi nyuma akaanza upya, mngoje. Akilia, usimkatize kwa kumwambia "basi, basi." Mngoje.

Kwaya, msisimame bado. Wimbo wa mwisho hauna haraka, na anayewahi ugali wake leo atakula wa baridi.

Haya. Mimi nakaa chini.