Maua ya Bi Tabu

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakioana na kuzikana kama sisi, njaa iliingia katika nchi yao. Mvua ilikatika na mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Wengi walihama. Waliobaki walikuwa wakilala bila kula.

Digidigi mmoja, mjane aliyeitwa Bi Tabu, hakuhama. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na bustani ndogo, akiimwagilia maji aliyooshea vyombo. Humo mlikuwa na maboga na choya. Maboga yenyewe hayakukua kwa ukame, lakini maua yake ya njano yalichanua kila asubuhi, na Bi Tabu alijua kuyala. Alichuma ya dume, yale yasiyo na kiboga kichanga chini yake, akatoa kile kijiti chenye vumbi ndani, akayaosha, akayapika kwa chumvi. Maua ya choya aliyachemsha akanywa maji yake mekundu. Hivyo ndivyo alivyoishi.

Siku moja Nyati, jina lake Ngosha, alipita akayaona maua ya maboga. Hakupiga hodi. Aliingia bustanini, kwacha kwacha kwacha, akala maua, majani na vikonyo.

"Jirani, unaniua," Bi Tabu alisema.

"Nina mke na watoto wawili," Ngosha akajibu huku anatafuna. "Wewe uko peke yako, na tumbo lako halizidi kikombe."

Kesho yake akarudi. Keshokutwa pia. Bi Tabu angefanya nini? Nyati angeweza kumkanyaga na asijue kama amekanyaga kitu.

Basi akawaza, akapata njia. Asubuhi moja Ngosha alimkuta amekaa mlangoni na sahani ya maua mapajani.

"Karibu, shemeji. Leo nimekutangulia."

Bi Tabu akala ua moja, akala la pili. Mara akaanza kutetemeka. Ute ukamtoka mdomoni, maana alikuwa ameficha majani ya mlenda shavuni. Akaanguka, pu, miguu juu.

Ngosha alirudi nyuma. "Bi Tabu? We Bi Tabu?"

Bi Tabu akainua kichwa kidogo. "Maua haya yameingia sumu, shemeji. Ukame umeyageuza. Usiyaguse tena."

"Sasa watoto wangu watakula nini?"

"Kule bondeni maua yamejaa. Nenda kachume huko."

Alisema hivyo ili aondoke tu. Ngosha akaondoka mbio, vumbi likitimka. Bi Tabu akainuka, akajifuta mdomo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka tangu amzike mumewe. Mchana ule alikula akashiba.

Alasiri akasikia kilio upande wa kwa Ngosha. Akatoka kwenda kuona.

Sikitu, binti mdogo wa Ngosha, alikuwa amelala mkekani. Mwili ulikuwa wa moto na mdomo mkavu. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka, na alikuwa akinyoosha miguu yake ya mbele hewani.

"Anakamata vipepeo," mama yake alisema kwa sauti ndogo. "Sisi hatuwaoni."

Bi Tabu akageukia jikoni. Kando ya chungu palikuwa na ua moja lililobaki, jeupe, refu kama tarumbeta. Lilikuwa ua la mnanaha, mmea wa sumu. Akamgeukia mama.

"Mmekula nyote?"

"Tulimpa yeye kwanza," mama akajibu. "Ndiye aliyekuwa analia njaa."

"Mwageni hicho chungu. Mnanaha hauliwi, ua wala mbegu."

Ngosha akamtazama. "Wewe ndiye uliyenituma bondeni."

Bi Tabu angeweza kusema hakuujua mnanaha. Hakusema hivyo. "Maua yangu hayana sumu," alisema. "Nilijiangusha ili usirudi. Bondeni nilikutuma bila kufikiri kuna nini."

Walimpepea mtoto, wakamlowesha midomo kwa maji. Kabla jua halijatua, Sikitu aliacha kukamata vipepeo.

Walimzika nyuma ya nyumba. Bi Tabu alisimama mbali na wenzake, na hakuna aliyemwita asogee.

Baada ya matanga, Ngosha alikuja. Safari hii alipiga hodi. Bi Tabu alifungua mlango akijua mwisho wake umefika, akainamisha kichwa akingoja.

"Nionyeshe," Ngosha alisema.

"Nikuonyeshe nini, shemeji?"

"Lipi linaliwa na lipi linaua. Nyumbani amebaki mtoto mmoja, naye ana njaa."

Bi Tabu akamwongoza bustanini. Akamwonyesha ua la boga la dume na la jike, akamwonyesha choya. Kisha wakateremka pamoja mpaka bondeni, akamwonyesha mnanaha, majani yake na tunda lake lenye miiba. Ngosha alirudia jina la kila mmea mpaka Bi Tabu akaitikia kuwa ni sawa. Waliporudi, Bi Tabu akamjazia kikapu maua ya boga. Ngosha akakichukua bila kusema asante, akaenda zake.

Ndiyo hivyo, wanangu: ua usilolijua usilile, na kwa unalolijua usimdanganye mwenye njaa.