Makungu Atoa Mji

Paukwa!

Pakawa!

Masikio?

Yapo wazi!

Midomo?

Imefungwa!

Basi, palikuwa na bwana mmoja, Makungu, bingwa wa vitendawili. Mnajua wenyewe: anayeshindwa kutegua humpa mwenziwe mji. Mwenziwe hutaja jibu, kisha huuendea mji wake. Makungu hakuwahi kutoa hata kijiji. Kichwa kikamvimba, akawa anasema, "Lipi nisilolijua mimi?"

Siku moja asubuhi likaja zimwi. Loo, wanangu! Kichwa mawinguni, mguu ng'ambo hii ya mto na mguu ng'ambo ile.

"Kitendawili!" likanguruma.

"Tega!"

"Nina shamba kubwa, mpaka wake siuoni."

"Hilo tu? Bahari!"

Siyo. Zimwi likameza mbuzi wote wa Makungu.

"Basi mbingu!"

Siyo. Likameza nyumba, na kinu uani.

Mkewe, Mize, akamshika mkono. "Mume wangu, mpe mji."

"Mimi Makungu nitoe mji? Jibu ni kifo!"

Siyo. Likammeza Mize. Kanga yake ikabaki mkononi mwa Makungu.

Makungu akatafuta jibu kichwani, hakuliona. Akatafuta tena, hakuliona. Akatafuta mara ya tatu, na hapo akaogopa, kwani aliona jinsi kichwa chake kilivyo kidogo na dunia ilivyo kubwa. Machozi yakamtoka.

"Sijui," akasema. "Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Hata huo siujui. Nakupa mji nisioujua."

Zimwi likatetemeka mwili mzima, maana aliyepewa mji lazima aende. Likafunua kinywa likatoa jibu: "Shamba hilo ni yale nisiyoyajua!" Na jibu lilipotoka, Mize akatoka nalo, na nyumba, na kinu, na mbuzi wakilia mee!

Basi likashika njia. Mkisikia ardhi inatikisika, ndilo hilo, bado linautafuta mji wake.

Makungu akamfunika mkewe kanga. Tangu siku hiyo, kila akitegewa kitendawili, huanza kwa kuuliza, "Mize, wewe waonaje?"

Hadithi yangu nimeitua hapa mlangoni. Funzo lake ni hili: mtu hujiona ana akili nyingi kwa sababu asiyoyajua hayaoni.