Sikudhani Nguchiro na Kombe la Mtoano

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakaoana, wakagombana na majirani, na kila ukoo ukawa na timu yake ya mpira, paliishi nguchiro mmoja jina lake Sikudhani. Alikuwa mdogo, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya nguchiro. Aliishi na mama yake, Bibi Mwanaidi, na mdogo wake Chande, aliyekuwa kipa.

Mtaniuliza, wanyama walikuwa wakicheza mpira ili iweje? Walicheza kwa sababu ya maji, wanangu.

Bonde lao lilikuwa na chemchemi moja tu. Kila masika timu zote zilicheza ligi. Kila timu ilikutana na kila timu, nyumbani na ugenini, mpaka mvua zikakatika. Mwishoni, mwenye pointi nyingi ndiye bingwa, na bingwa alikabidhiwa chemchemi kiangazi kizima. Yeye ndiye aliyeamua nani anywe kwanza na nani anywe mwisho.

Na bingwa alikuwa nani? Tembo! Mwaka huu Tembo, mwaka ujao Tembo. Hata wakiteleza siku moja wakafungwa na Nungunungu, kesho walimfunga Swala, keshokutwa wakamfunga Nyati, na pointi zao zikarudi. Ligi ni ndefu. Mwenye nguvu akianguka, ana muda wa kuinuka na kujifuta vumbi.

Basi Tembo walikunywa kwanza, wakaoga, wakajirushia maji, puuu! puuu! Wakafuata Kiboko, kisha Nyati. Zamu ikiwafikia nguchiro, kilichobaki ni tope. Kiangazi kilichopita Bibi Mwanaidi alikunywa tope lile akaumwa tumbo mpaka akashindwa kusimama. Sikudhani alimuuguza usiku na mchana. Alijua kiangazi kingine cha namna ile mama yake hangekivuka.

Masika yalipokaribia, alimwambia, "Mama, mwaka huu hutakunywa tope."

"Wewe utawafunga Tembo, mwanangu?"

"Mara moja naweza, mama. Tatizo ni kwamba kwenye ligi mara moja haitoshi."

Akatoka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Tembo, nahodha wa mabingwa. Alimkuta amekaa kibarazani anajipepea kwa masikio.

"Hodi! Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyo? Mbona simwoni?"

"Niko chini huku, Mzee. Mimi Sikudhani."

"Ahaa! Karibu. Habari za mama?"

"Hajambo kidogo. Mzee, nimekuja kukuonea huruma."

Mzee Tembo akaacha kujipepea. "Unionee huruma mimi?"

"Ndiyo. Masika yote unakimbia huku na huko. Leo kwa Swala, kesho kwa Kima, mechi juu ya mechi, na mwishowe bingwa ni wewe yule yule. Unajichosha bure! Kwa nini tusicheze kombe la mtoano?"

"Ndiyo kitu gani hicho?"

"Rahisi mno. Tunapiga kura kupanga nani acheze na nani. Wawili wanakutana, anayeshinda anasonga mbele, anayefungwa anakwenda nyumbani. Waliobaki wanapigiwa kura tena, wanatoana tena. Robo fainali, nusu fainali, mwisho wanabaki wawili, hao wanacheza fainali. Mechi chache, heshima kubwa."

Mzee Tembo akatikisa kichwa taratibu. Miguu yake ilikuwa inamuuma kweli tangu masika yaliyopita. "Na wakubwa kama sisi tutaanzia huko chini na vijitimu?"

"Hata! Sisi wadogo tuchujane wenyewe kwanza. Nyinyi mje robo fainali, mkiwa mmepumzika."

"Hapo umesema!" Mzee Tembo akacheka mpaka baraza likatikisika. "Na anayefungwa hana pa kurudi?"

"Hana, Mzee. Ukifungwa mara moja, kwaheri."

"Sasa mimi nani anifunge? Haya, nenda ukawaambie. Mwaka huu ni kombe!"

Sikudhani akaaga kwa adabu. Alipofika kwenye kona ya njia akaanza kukimbia, mkia juu.

Masika yakaanza, na wadogo wakaanza kutoana. Nguchiro walimtoa Digidigi, wakamtoa Nungunungu, mechi iliyochelewa sana kwisha kwa sababu mpira ulikuwa ukitobolewa kila mara na mwiba wa mmoja wao. Wakafika robo fainali, na wakubwa nao wakaingia. Mwamuzi Korongo, mwenye miguu mirefu na kipyenga shingoni, akaleta chungu chenye vijiwe, kila kijiwe na alama ya timu yake.

"Atakayetoka kwanza ndiye mwenyeji," akasema. "Mechi itachezwa kwake."

Akazamisha mdomo chunguni, kwa! akatoa kijiwe. "Nyati!" Akazamisha tena. "Kiboko!"

Uwanja mzima ukaguna. Bwana Kiboko akafungua mdomo wake wote. "Haiwezekani! Wakubwa tukutane mapema hivi? Tutenganisheni!"

"Chunguni hakuna mkubwa," Korongo akajibu. "Kura ni kura."

Nguchiro wakapangiwa Ngiri, na Tembo wakapangiwa Swala. Tembo wakashinda kama kawaida yao. Nguchiro nao wakamzungusha Ngiri mpaka akaishiwa pumzi, wakamfunga. Bwana Kiboko ndiye aliyepata msiba. Alifungwa na Nyati goli moja, akamfuata Korongo akihema.

"Marudiano lini?"

"Hakuna marudiano."

"Hakuna? Basi nitacheza na nani wiki ijayo?"

"Na wanao, nyumbani kwako. Wewe umetoka mpaka mwakani."

"Mwakani!" Bwana Kiboko akakaa chini pwaa! akabaki anaangalia nyasi. Sikudhani, aliyekuwa pembeni, alimwonea huruma kidogo. Lakini moyoni alijua mkubwa mmoja amekwishaondoka bila nguchiro hata mmoja kuinua mguu.

Nusu fainali ikaja, na safari hii kijiwe cha nguchiro kikatoka kwanza. Nyati wakalazimika kucheza nyumbani kwa nguchiro, uwanja uliojaa vichuguu na mashimo ya kulala. Chwi! chwi! nguchiro walipita huku wakatokea kule. Nyati kila akikanyaga, ndi! mguu shimoni.

"Huu ni uwanja au mtego?" Bwana Nyati akafoka.

"Ndiyo nyumbani kwetu, Bwana," Sikudhani akasema. "Wewe hukuwahi kututembelea tu."

Walipomaliza kumchomoa Bwana Nyati kwenye shimo la mwisho, mechi ilikuwa imekwisha. Nguchiro moja, Nyati bila.

Tembo nao walikuwa wameshinda nusu fainali yao. Kukawa na fainali. Nguchiro na Tembo!

Fainali haina mwenyeji. Ilichezwa uwandani, mahali tambarare pasipo na shimo hata la mchwa. Usiku wa kuamkia siku ile Sikudhani hakupata usingizi. Hapa vichuguu havikuwepo kumsaidia. Alisikiliza tumbo la mama yake likiunguruma kwenye chumba cha pili, akajiambia: nisifungwe tu. Nikifika jioni sijafungwa, kazi imebaki ndogo.

Kipyenga kikalia, priii! Tembo wakaja kama mlima unaohama. Nguchiro hawakushindana nao. Walipeana pasi fupi fupi chini ya matumbo yao, na Tembo akikaribia sana, mpira ukapigwa nje, mbali, kwenye miiba. Mpaka uokotwe, Tembo wanahema. Walikuwa wamecheza mechi mbili tu tangu masika yaanze, pumzi zikawa nzito. Chande golini alirushwa na mpira mara kadhaa mpaka nyavuni, lakini mpira wenyewe ulibaki nje.

Dakika zikaisha. Bila kwa bila.

Mzee Tembo akajifuta jasho. "Haya, sare. Tugawane pointi tukalale."

"Kombe halina pointi, Mzee," Korongo akasema. "Lazima mmoja atoke. Muda wa nyongeza!"

Wakaongezewa muda. Bado bila kwa bila.

"Sasa?"

"Sasa matuta, mikwaju ya penalti. Kila upande upige matano."

Mzee Tembo akatazama goli, akamtazama Chande aliyesimama katikati yake kama punje ya mtama mlangoni pa ghala. Akatabasamu. Akajitwika kazi ya kupiga wa kwanza.

Hapo Sikudhani akaona hatari yake. Mpira ule ungeguswa tu upande, Chande asingeufikia hata angekuwa na mbawa. Akakimbia mbele ya umati wote, akapiga magoti.

"Mzee Tembo! Nakuomba mbele ya watu wote. Sisi ni wadogo. Piga polepole, Mzee! Gusa tu! Usipige kwa nguvu zako, utatuulia Chande!"

Umati ukaangua kicheko. Mke wa Mzee Tembo akamnong'oneza mumewe, "Si kweli alivyosema? Gusa tu, utaingia."

"Mimi niguse?" Mzee Tembo akang'aka. "Mbele ya watu wote? Wakaseme Tembo siku hizi anagusa?"

Akarudi nyuma, akarudi tena. Akaja mbio, ardhi ikatetemeka, di! di! di! PAAA!

Mpira ukapita juu ya mtambaa panya, ule mwamba wa juu wa goli, ukapita juu ya miti, ukapotelea ng'ambo ya kilima. Ikabidi mechi isimame wakati Swala wakienda kuufuata.

Wenzake nao wangefanyaje? Nahodha amepiga vile, nani angetaka kuonekana legelege? Wa pili, PAAA! juu. Wa tatu, juu. Wa nne akagonga mwamba, mwamba ukavunjika, ukafungwa kamba. Wa tano, PAAA! mpira ukaenda zake.

Upande wa pili nguchiro nao walikuwa taabuni. Kipa wa Tembo, shangazi mmoja mnene, alijaza goli lote. Kila wakipiga, du! mpira unagonga goti. Du! tumbo. Wanne wakakosa. Akabaki Sikudhani.

Aliweka mpira chini. Akainua macho, akamwona Bibi Mwanaidi amejifunika macho kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

"Marahaba."

"Hii naipiga juu kabisa. Jiandae."

Kipa akatazama juu. Akainua mkonga, akajinyoosha, na ili asianguke akapanua miguu.

Ti! Mpira ukabingirika taratibu, ukapita katikati ya miguu ile, ukavuka mstari.

"TOBOOO!" Uwanja ukalipuka. "Kapigwa tobo!" Chande akamrukia dadake wakabingirika vumbini, na ukoo mzima ukawaangukia.

Korongo alipokwisha kukabidhi kombe, Mzee Tembo akaja, masikio yamelegea. "Sikudhani, ulinidanganya."

"Kipi nilichokwambia, Mzee, kisichokuwa kweli? Nilisema mechi chache, zikawa chache. Nilisema ukifungwa mara moja, kwaheri. Nilikuomba uguse, ukakataa."

Mzee Tembo akafikiri, akafikiri, asiupate uongo hata mmoja. Shangazi kipa naye akasema ameonewa, maana yeye aliambiwa juu, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Kiangazi kile wazee na wagonjwa walikunywa kwanza, wakafuata wenye watoto, kisha wengine wote. Tembo walingoja mkiani mwa foleni, na maji bado walipata, kwa sababu hakuna aliyeoga humo. Siku moja wakiwa foleni Mzee Tembo akapaza sauti, "Mwakani turudi kwenye ligi!"

"Thubutu!" Bwana Kiboko akamjibu. "Kombe libaki. Nani ajuaye, mwakani huenda ikawa mimi."

Na kombe likabaki. Basi wanangu, hadithi hii yatufunza kwamba kabla hujajivunia nguvu zako, zielewe kwanza sheria za mchezo uliokubali kuucheza.