Mtamba wa Bi Sangoda

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu ambayo waliokuwepo bado wanagombana, palikuwa na barabara iliyosahauliwa. Ilianzia sokoni Mlalango, ikapanda mlima, ikashuka hadi Kwemahombo. Lami ilipojengwa upande wa pili wa mlima, magari yote yalihamia huko. Barabara ya zamani ikabaki na kuku, mbuzi, na kina mama wanaoanika mihogo katikati ya njia bila wasiwasi. Ukipita pale kwa baiskeli ulisikia cheni yako, ndege, na pumzi zako mwenyewe. Basi.

Mwisho wa barabara hiyo aliishi Bi Sangoda, mjane. Magoti yalikuwa yamemgomea, na binti yake alikuwa anakuja kumchukua wakaishi wote mjini. Vyombo vilikuwa vimeshafungwa. Shida ilikuwa mtamba wake, ng'ombe jike aitwaye Tausi, mweusi mwenye baka jeupe usoni, ambaye alikuwa hajazaa bado. Mjini hakuna pa kumfuga. Kumuuza bibi hakutaka, maana mnunuzi wa kwanza alikuwa mwenye bucha, naye alimtazama Tausi kama mtu anayetazama mishikaki.

"Nitampa mtu anayenijulia hali," alisema Bi Sangoda.

Waliomjulia hali walikuwa watatu, na wote walikuja kwa baiskeli.

Wa kwanza ni Shekumbi, kijana mwenye baiskeli ya gia na kaptura ya kubana ambayo vikongwe wakiiona hufunika macho kwa viganja, kisha hupanua vidole. Yeye alimtekea bibi maji. Shekumbi alitaka kuoa, na baba wa mchumba alikuwa amesema, "Bila mtamba, usinisalimie."

Wa pili ni Mhina, muuza mikate, mtu mzima mwenye baiskeli nzito kama mlango wa ghala. Haikuwa na breki. Ukimuuliza, alikuonyesha katambuga zake, vile viatu vya tairi la gari, akasema, "Breki hizi hapa, kulia na kushoto." Yeye alimletea bibi mkate. Mhina alitaka maziwa, afungue kibanda cha chai.

Wa tatu ni Namkunda, mkulima wa nyanya, mwenye baiskeli aliyoachiwa na marehemu mumewe. Yeye alimkanda bibi magoti. Namkunda alikuwa akilea pacha wa marehemu dada yake, wachanga, wanaokunywa uji mtupu na kulia.

Bi Sangoda aliwapenda wote. Angempa mmoja, wawili wangenuna. Kwa hiyo akasema, "Mimi sichagui. Ichague barabara. Atakayefika kwanza mlangoni kwangu kwa baiskeli, kwa barabara ya zamani, mtamba ni wake. Mmekubali?"

Shekumbi akasema, "Nimekubali." Mhina akasema, "Nimekubali." Namkunda akasema, "Nimekubali, mama."

Siku ikafika. Pale Mlalango muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, kacha! Wakaondoka.

Piga pedeli, piga pedeli. Mlimani Shekumbi alitangulia, akapotea kwenye kona. Namkunda alifuata taratibu, kitenge kimekazwa kiunoni. Mhina alikuwa nyuma kabisa, anasukuma. Alikuwa amekataa kuacha kreti la mikate nyumbani. "Je, nikikutana na mteja?" Na kweli alikutana na wateja, akawauzia, akawarudishia chenji, akawaulizia watoto.

Piga pedeli, piga pedeli. Juu ya mlima, Shekumbi alimkuta kuku na vifaranga wake wanavuka njia.

"Ondoka!" alipiga kelele.

Kuku akasimama kumtazama. Shekumbi akamkwepa, akaingia kwenye mihogo iliyoanikwa. Kipande kikanasa kwenye cheni, cheni ikakatika, kijana akalala chali kwenye unga wa watu. Mwenye mihogo, kikongwe mwenye fimbo, akatoka nyumbani.

"Shikamoo, bibi," alisema Shekumbi akiwa bado chini.

"Marahaba. Okota."

"Bibi, niko kwenye mbio."

"Na mimi niko kwenye njaa. Okota, upange upya, weupe juu."

Shekumbi akaokota. Akiwa amepiga magoti akipanga mihogo, weupe juu, Namkunda akapita. "Pole, mdogo wangu. Cheni hiyo siwezi kuiunga, sina kifaa." Baadaye kidogo akapita Mhina. "Pole, kijana! Mkate hutaki?"

Sasa mteremko. Na kwenye mteremko, ndugu zangu, asiye na breki ni mfalme. Mhina alikaa juu ya siti, akainua miguu, akaiachia baiskeli.

"Nipishe, dada! Nipisheee!"

Akampita Namkunda kama upepo, mikate ikimwagika nyuma. Kwenye kona ya mwisho, barabara ilikata kushoto, na baiskeli ikakata kushoto. Mhina peke yake akaendelea kunyoosha. Akatua kichakani, juu ya msafara wa siafu.

Baiskeli haikujua kwamba haina mtu. Iliteremka wima, kengele ikilia kwa mtikisiko, kring, kring, ikaingia uani kwa Bi Sangoda, ikapita mlango uliokuwa wazi, ikaegemea kitanda.

Bi Sangoda alikuwa jikoni. Aliposikia kengele aliita, "Karibu, mwanangu, kaa!" Mgeni hakujibu. Akaja kuchungulia. "Baiskeli imefika," alisema, "mtu wake atakuwa anaegesha nini huko nje?"

Huku kwenye kona, Namkunda aliona kichaka kinatukana. Akafunga breki. Mhina alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, siafu wamo ndani ya suruali.

"Niache, dada," alisema akilia. "Nenda kachukue ng'ombe wako."

Namkunda alitazama chini. Nyumba ilionekana, hata Tausi alionekana, amefungwa kwenye mwembe mdogo. Akawakumbuka wale pacha. Akasimama pale kidogo, moyo unamvuta chini na macho yanamvuta kichakani. Kisha akaweka baiskeli kando.

"Nikuache uliwe na siafu, mke wako nitamwambia nini? Nipe mkono."

Wakati anamkung'uta, Shekumbi akatokea juu, anakimbia, baiskeli iko begani. Alikuwa mweupe unga mwili mzima. Akawaona. Hakupunguza mwendo.

"Poleni jamani! Poleni sana!" Akapita.

Namkunda akampakia Mhina nyuma, wakashuka. Lakini breki za mumewe hazikuzoea watu wawili. Zikalia, zikanuka, zikakata tamaa.

"Kaka Mhina, hazishiki!"

Mhina akateremsha mguu wake mzima, katambuga ikasugua njia mpaka ikatoa moshi. Baiskeli ikasimama mlangoni hasa, gurudumu la mbele likigusa kisigino cha Shekumbi, aliyekuwa ameshafika anahema.

Hapo maneno yakaanza.

"Mtamba ni wangu," alisema Mhina, bado amekalia karia. "Bibi, ulisema tufike kwa baiskeli. Baiskeli ya kwanza kufika ni ya nani? Ni yangu, imelala chumbani kwako. Na mimi mwenyewe nimefika juu ya baiskeli, sikutembea hata hatua. Tena bila mguu wangu, huyu dada angekuwa mtoni kule bondeni sasa hivi."

"Mtamba ni wangu," alisema Shekumbi. "Baiskeli yake imefika bila mtu. Je, baiskeli itakamua ng'ombe? Mtu wa kwanza kufika na baiskeli yake ni mimi. Bibi, hukusema nani ambebe nani. Wenzangu walibebwa na mteremko, mimi nimeubeba mzigo wangu kwa jasho."

"Na ulitupita tunaliwa na siafu," alisema Namkunda.

"Nilisema poleni."

"Mtamba ni wangu," alisema Namkunda, na hakupaza sauti. "Mama, mmoja ameleta baiskeli bila mtu, mwingine ameleta baiskeli kama kuni. Aliyefika akiendesha ni mimi peke yangu. Na kama nimechelewa, mnajua nilichelewea wapi."

"Hukutumwa kuchelewa," alisema Shekumbi.

"Hata mimi nilimwambia aende," alisema Mhina, kisha akainamisha uso, maana alisikia aibu ya maneno yake mwenyewe.

Bi Sangoda akafungua kamba ya Tausi. Akampelekea Namkunda, akasita. Akampelekea Shekumbi, akasita. Akamtazama Mhina, ambaye siafu wa mwisho alikuwa ameamua kumuuma wakati huohuo. Barabara nayo ilikuwa imekataa kuchagua. Nje ya ua honi ya gari ikalia: binti yake amefika.

"Mama, panda! Jua linazama, na hii njia yenu haina hata taa!"

Bibi akageuka, machozi yanamlengalenga, kamba mkononi. "Jamani, niamulieni. Nimpe nani?"

Nami nawauliza ninyi mliokaa kitako mkicheka. Yupo ambaye baiskeli yake ilitangulia. Yupo aliyetangulia yeye na baiskeli yake begani. Yupo aliyefika akiendesha, baada ya kumwokoa mwenzake. Je, nani alistahili Tausi? Semeni upesi, gari limeshawashwa.